Marehemu wa Kabiria

"Pole kwa shosho," Mwololo aliniambia, akinisukumia nakala tano za tasnifu juu ya kaunta.

"Shosho gani?"

"Si huyu nyanya yenu wa Kishona. Nilisoma hapo mbele nikibandika gamba. Mungu amlaze pema."

Mwololo hufunga vitabu vya wanachuo kwenye saiba moja ya kompyuta na uchapishaji pale Moi Avenue, na si mtu wa mzaha. Nikafungua nakala ya juu. Ukurasa wa tatu ulisema habari zote za Kishona zimetoka kwa marehemu Sarudzai Moyo wa Kabiria. Chini yake kulikuwa na fomu ya ridhaa ya familia, jina langu, Annah Musili, na sahihi ambayo mkono wangu haujawahi kuiandika.

Marehemu huyo, nyanya yangu, ambaye kwa Kishona namwita Ambuya, nilikuwa nimemwacha asubuhi akisuka kikapu na kulalamika kwamba chai niliyopika haina majani.

Mwenye tasnifu, aliyenituma nizichukue nakala, ni Ochola, mwanaume wangu wa miaka mitatu. Jumamosi wazee wake walikuwa waje kujitambulisha kwetu, na Jumatatu angeitetea kazi yake mbele ya maprofesa. Akipita, kulikuwa na nafasi ya kusoma Ulaanbaatar, kwa Wamongolia, inayomngoja. Alikuwa analinganisha Kimongolia na Kishona. Kila Jumapili kwa miaka miwili aliketi kwa Ambuya, simu ikirekodi, akatueleza kwamba Kishona hubadilisha neno mbele kama Kiswahili, munhu, yaani mtu, akawa vanhu, ila Mmongolia hubadilisha mkiani, khün akawa khümüüs. Ambuya alicheka, akasema hao watu wanaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma. Nilimpenda Ochola kwa sababu ya kicheko kile. Ambuya ndiye aliyenilea tangu wazazi wangu wafariki. Sina mwingine wa kuniozesha.

Nikamtumia ujumbe: "Ambuya amekufa lini?"

Jibu likaja haraka: "Babe nitakuexplain. Usiongee na mtu."

Nilimkuta Kilimani, nje ya ghorofa anakoishi Bi Oyuna, yule Mmongolia aliyemsaidia upande wa pili wa kazi.

"Ni form tu, Annah," alianza. "Supervisor alitaka saini ya kila mtu nimerekodi. Ambuya alikataa."

"Hakukataa. Alisema umsomee kwanza."

"Kurasa mia mbili? Na deadline ilikuwa Ijumaa iliyopita. Mtu akiwa amekufa, familia inasaini, inaisha hapo."

"So ukamuua."

"Kwa karatasi tu. Usinifanye mtu mbaya."

Nilimkumbusha kwamba Ambuya aliletwa Kenya na watu wa kanisa lao akiwa msichana mdogo, akaishi zaidi ya miaka hamsini bila kitambulisho, akifukuzwa kila dirisha la serikali kama mtu asiyezaliwa. Alikipata akiwa na miaka sabini. Siku hiyo alilala nacho chini ya mto. Ndiyo maana hasaini kitu ambacho hajasomewa.

"Bi Oyuna ulimsomea?" nikamuuliza.

Akageuka kuingia ghorofani.

"Nimekuuliza, Ochola."

"Yote. Nilikuja mara nne. Lakini yule ni mtu wa ofisi kubwa, angeweza kunireport."

"Kwa hivyo umelinganisha lugha, halafu ukawalinganisha na wenyewe. Ukaona wetu hana mtu."

Alinishika mkono. Akaniomba ninyamaze hadi Jumatatu ipite, kwamba tutaenda Ulaanbaatar sisi wawili, kwamba atarekebisha kila kitu baadaye. Nilikuwa bado nampenda, na hilo liliniongezea hasira. Nikabeba nakala moja, zile nne nikamwachia pale kwenye ngazi.

Nilimsomea Ambuya tasnifu yote kwa siku mbili, nikimtafsiria, mikono yake ikiendelea kusuka. Alimkosoa Ochola mara mbili na kumsifu mara moja. Ukurasa wa tatu niliuacha mwisho. Nilipoumaliza, kikapu kiliwekwa chini.

"Wewe ulisaini?"

"Hapana, Ambuya."

Nilitaka kuwapigia wageni simu wasije. Akakataa, akasema waje wale.

Walikuja: Awiti, mama yake Ochola, na Ogutu, baba yake mdogo, ndiye msemaji. Ochola aliingia akitabasamu, akiniangalia kujua kama nimenyamaza. Tuliwapa chakula wakashiba. Ogutu akasimama, akasifu nyumba, akasema wameona ua hapa Kabiria, na sasa wanamwomba mama mwenye boma awakubalie.

Ambuya alimpa Ochola ile nakala, ikiwa imefunguliwa ukurasa wa tatu.

"Soma hapo kwanza. Wazee wasikie kazi yako."

Ochola alisoma mistari miwili, akaishia hapo. Awiti akamnyang'anya kitabu, akamalizia mwenyewe. Alipofika kwenye neno marehemu, alimtazama Ambuya, kisha akarudia mstari ule polepole, akidhani amekosea.

"Sasa mwambie baba yako mdogo," Ambuya alisema, "anaomba binti kwa nani."

Ogutu alinigeukia mimi.

"Hii saini ni yako?"

"Si yangu, mzee."

Ogutu alichukua kofia yake. "Kwetu mtu hatangazwi amekufa na bado unakula kwake. Mama, tusamehe. Twendeni."

Awiti alitoka akilia. Ochola alibaki mlangoni.

"Annah, nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua," nilimwambia. "Toka."

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa ofisi ya idara. Ambuya aliweka kitambulisho chake mezani, uso wa picha ukiangalia juu. Mkuu wa idara alikitazama, akafungua ukurasa wa tatu, kisha akampigia mtu simu na kusema utetezi wa leo haupo. Akaandika malalamiko yetu. Ambuya akaomba asomewe. Alisomewa mara mbili, na mimi nikatafsiri pale Kiingereza kilipokuwa kigumu. Ndipo akasaini, herufi moja moja, bila kuharakishwa na mtu.

Ochola alikuwa amesimama kwenye korido na suti mpya. Nafikiri alikuwa ameandaa maneno yakampotea, kwa hiyo akamsalimu Ambuya jinsi alivyomsalimu kila Jumapili.

"Mangwanani, Ambuya. Marara sei?"

Aliuliza nyanya amelalaje, na aliuliza vizuri, sauti ikipanda na kushuka panapostahili, kama mtoto aliyezaliwa kwetu. Iliniuma sana kuona alivyotusikiliza miaka yote ile. Jibu la salamu hiyo nalo alilijua: Mshona hujibu kwamba amelala vizuri, ikiwa na wewe umelala vizuri. Akasimama akilingoja.

"Sikulala," Ambuya alimwambia kwa Kiswahili, na tukashuka ngazi.