Tundu Lisilo na Jiwe

Harufu ya kisima kikuukuu ndani ya nyumba ya ghorofa ya tatu, mchana kweupe, madirisha wazi, ni jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angeinuka kulitafuta. Kapteni hakuinuka. Alikunja pua, akamwagiza mkewe aangalie kama ndoo ya maji imeota ukoko, akarudisha macho kwenye kompyuta. Ndoo ilikuwa kavu, imegeuzwa kifudifudi.

Tuseme mapema kwamba hakuwa kapteni wa chochote. Alikuwa fundi simu, tena wa kubadilisha vioo tu. Ukapteni aliupata kwenye mchezo wa mtandaoni wa anga za juu, ambamo watu wazima na ndevu zao huendesha meli za kuchora na kuvimbiana vichwa. Humo alikuwa na kikosi kilichomsikiliza. Nje ya humo hakuna aliyemsikiliza, naye alilipiza kwa kudharau kila aliyemzunguka: mkewe, ambaye kwa kazi yake ya cherehani ndiye hasa aliyeilisha nyumba; mama mkwe wake, aliyelala chumba cha nyuma; na kuliko wote, wachezaji wapya.

Sifa yake ilikuwa matundu. Katika mchezo ule matundu hufunguka angani bila taarifa, na ukipenya unatokea upande mwingine wa ulimwengu. Hayaonekani hivi hivi. Unatupa vidude vya kunasa mawimbi, unavisogeza kwenye ramani taratibu mpaka ishara itulie. Kila tundu lina jina lake la herufi na tarakimu, na lina uzito linaoweza kuhimili. Meli zikiuzidisha, linajifunga, na aliye ng'ambo hubaki huko. Ndiyo maana mchezaji mpya hufundishwa jambo moja kabla ya yote: ukishatokea, kabla hujasogea, weka alama kwenye ramani. Wenyewe wanaita kuweka jiwe. Bila jiwe, ukigeuka nyuma huoni ulikotoka, na kila aliye kikosini huyaona mawe ya mwenzake.

"Jiwe ni la watoto," Kapteni alizoea kusema, na kikosi kilicheka kwa sababu kapteni ndiye aliyesema.

Siku ile ya harufu alinasa tundu lisilo na jina. Msaidizi wake, mtu wa mbali ambaye hawakuwahi kuonana, alimwambia kwenye hedifoni kwa sauti ya chini, "Kapteni, mimi hili silielewi. Tuliache."

"Liache wewe."

Alichungulia kwanza, kama ilivyo desturi yao, maana rangi inayoonekana ndani ya tundu huonyesha linakoelekea. Wengine huona bluu au wekundu. Yeye aliona manjano yenye mikunjo, na ilimchukua muda kutambua kwamba inafanana na pazia ambalo mkewe alikuwa analipinda ukingo siku hizo chumba cha pili. Akacheka peke yake, akapenya.

Ng'ambo hakukuwa na nyota hata moja. Aliendesha huku na huko katika giza, akageuka, akageuka tena, akajua amepotea, na jasho likaanza kumtoka kwa ajili ya meli ya kuchora. Hapo ndipo sauti ya mkewe ilipomjia masikioni, laini na ya karibu: "Mume wangu, uko wapi? Njoo huku."

"Nakuja," akaitika.

Akaifuata sauti, tundu likajitokeza, akatoka salama. Alipovua hedifoni mlango wa mbele ulikuwa unafunguliwa, na mkewe akaingia na mfuko wa nyuzi na vifungo.

"Ulikuwa unaniita nini?" akamuuliza kwa ukali.

"Nikuite wapi? Si ndiyo kwanza nafika?"

Mtu mwingine angezima mashine. Kapteni aliamua kwamba mkewe ameanza kusahau mambo, kisha akarudi tunduni, kwa sababu mle gizani kulikuwa na madini ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuyaona. Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, kila mara bila jiwe, kila mara akisubiri kuitwa. Alizoea hata kuitika kabla sauti haijamaliza. Kikosi kilimsifu mpaka akawa haoni ardhi.

Nyumbani mambo yalikuwa yanapungua. Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza, wakati binti yake alipokatiza kwenye sakafu iliyopigwa deki na nyayo zake zikatoka hafifu. Baadaye kiti cha mbao, ambacho siku zote kililia mtu akikikalia, kikanyamaza alipokikalia yeye. Godoro likawa halibonyei. Mke mwenyewe hakukonda wala hakuumwa, ila cherehani yake ya miguu ikamshinda; alikanyaga ubao wa chini kwa nguvu zake zote, gurudumu lisizunguke.

"Mume wangu," alisema jioni moja, "nikifungua dirisha upepo unanisukuma. Naogopa."

"Kula vizuri," alimjibu bila kugeuka.

Na wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kinaongezeka. Kilianza kama mkwaruzo nyuma ya meza ya kompyuta, kikawa hatua za mtu asiye na viatu kwenye ukumbi, nyepesi kwanza, kisha nzito, nzito zaidi kila Kapteni aliporudi na shehena yake, mpaka ikafika mahali ambapo, watu wote watatu wakiwa wamekaa mezani magharibi moja, vikombe vilitikisika kwa kishindo cha mtu anayetembea polepole kutoka chumba cha cherehani, akipita nyuma ya kiti cha mama mkwe, nyuma ya kiti cha mke, akasimama nyuma ya Kapteni na kumpumulia shingoni pumzi baridi yenye harufu ya kisima. Ndipo bingwa wa anga akashika mkono wa mama mkwe wake kama mtoto.

Mganga aliyeitwa na mama mkwe alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimsikiliza Kapteni mwanzo mpaka mwisho akieleza matundu, uzito na mawe, kisha akamtazama kwa namna ambayo watu hutazama kitu kilichonata kwenye soli.

"Umeitwa na usiyemwona, ukaitika," alisema. "Siyo mara moja. Kila ukimwacha akuongoze, anapata haki ya kutoka na wewe, kidogo kidogo, na uzito wa kutokea anautoa kwa mwenye sauti aliyoiiba. Amebakisha safari moja."

"Tufanyeje, dada yangu?" mama mkwe aliuliza. "Sina mwingine ila huyu binti."

"Aingie mara ya mwisho na meli nzito kuliko zote, tundu lijifunge akitoka. Lakini aweke hilo jiwe lake, atoke kwa jiwe lake. Atakapoitwa, asiitike. Akitoka mwenyewe, binti anarudishiwa chake chote. Akitolewa na yule, basi." Akamgeukia Kapteni. "Umeelewa, au nikuchoree?"

"Nimeelewa, mama."

"Sema tena."

"Niweke jiwe. Nisiitike."

Wakakaa nyuma yake. Mkewe aliweka mkono begani mwake, na hakuusikia mpaka alipougeukia na kuuona. "Usinisahau huko," alimnong'oneza, naye akakubali kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alionekana mtu.

Akapenya. Giza likajaa kioo chote. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kuweka alama, na sekunde hiyo msaidizi wake akasema hedifonini, "Tupo hapa Kapteni, kikosi kizima kinakutazama." Wote walikuwa wanaiangalia ramani. Wangeliona jiwe likitokea, jiwe la Kapteni, kama la mwanafunzi wa jana, na wangecheka. Mkewe alikuwa nyuma yake hana uzito wa karatasi, na mwanamume huyu aliwaza kuchekwa na watu asiowajua hata sura.

Hakuweka. Aliwaza atakumbuka upande.

Hakukumbuka. Aligeuza ile meli kubwa kushoto, hakuna, kulia, hakuna, na tundu, ambalo sasa hakujua liko wapi, likaanza kunguruma kama linavyonguruma likikaribia kujifunga, ngurumo ikatoka hedifonini ikaingia mezani, ikaingia sakafuni, madirisha yakalia, harufu ya kisima ikapanda mpaka mama mkwe akaziba pua kwa kanga, na katikati ya yote sauti ile laini ikamwambia sikioni, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kujua jibu, "Mume wangu, uko wapi? Njoo huku."

"Usiitike," mkewe alisema nyuma yake, kwa sauti iliyokuwa imebaki kama uzi. "Tafadhali. Ni mimi niko hapa."

"Nakuja," Kapteni akasema.

Alitoka salama. Tundu likajifunga nyuma yake, ngurumo ikakatika, harufu ikaisha. Katika ukimya ule kiti cha mbao kililia kwa nguvu, chini ya mtu mwenye uzito wake kamili.

"Umeona?" Kapteni alisema, akifuta jasho, akicheka. "Amerudi. Si nilijua?"

Mganga alikuwa anakusanya vitu vyake. Aliuliza swali moja tu: "Kwa jiwe?" Kapteni akainamia kibodi, naye mganga akaondoka bila kuaga. Mama mkwe alimtazama mwanamke aliyekaa kwenye kiti, muda mrefu, na yule mwanamke akamtabasamia. Asubuhi kizee alifungasha nguo zake akaenda kwa ndugu zake, akilia njiani bila kujificha. Hakuwahi tena kumwita yule mwanangu.

Maisha ya Kapteni yalinyooka. Mkewe mpya, tumwite hivyo, hakulalamika wala kuogopa dirisha. Hakugusa cherehani kamwe. Pazia la manjano lilibaki limepindwa nusu, sindano ingali imechomekwa. Alipotembea, vikombe vilitikisika kidogo. Kapteni alijifunza kutoviangalia.

Jioni moja alivaa hedifoni kabla kikosi hakijaingia. Mle ndani kulikuwa kimya, kisha kwa mbali ikasikika cherehani ya miguu, inaanza, inasimama, inaanza. Halafu sauti hafifu kama uzi.

"Mume wangu? Hapa ni giza. Hukuacha alama yoyote, nimetafuta. Sema chochote tu, nitaifuata sauti yako."

Alijua ni yeye. Hilo hakuweza kulikana hata kwa nafsi yake. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kipaza sauti, na neno moja lingetosha.

Nyuma ya mlango sakafu ilitikisika, hatua moja, nyingine, zikasimama.

"Chakula tayari," ikasema sauti ya mkewe kutoka ukumbini.

Kapteni akazima kipaza sauti. Akavua hedifoni, akazitundika msumarini, akahakikisha zimekaa sawa.

"Nakuja," akaitika, akaenda kula.