Picha Ishirini za Giza

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia kwanza kwenye karakana ya Mjomba. Hakuwa na safari ndefu, maana karakana na nyumba yao vilikuwa katika ua mmoja. Alitundika mkoba kwenye msumari, akachukua ufagio na kuanza kufagia maranda yaliyozagaa chini ya benchi, huku akisimulia yote yaliyotokea darasani: nani alisinzia, nani alikosa jibu, nani alipewa barua ampelekee mzazi wake. Mjomba alisukuma randa na kuitikia "ehe" na "wacha wee" kila palipostahili. Jina halisi la msichana huyo lilikuwa kwenye daftari zake. Nyumbani na mtaani kote aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Mjomba alikuwa seremala wa milango na vitanda. Alikuwa mdogo wake Mama, na hakuwa na mke. Mama alipenda kusema kwamba ndugu yake ameshaoa kamera. Kamera yenyewe ilikuwa kuukuu, aliyouziwa na mpiga picha wa harusi aliyenunua nyingine. Kila usiku usio na mawingu, Mjomba aliitoa uani na kuielekeza juu, kupiga picha za nyota zilizo mbali kabisa. Majirani walimwita Fundi Nyota, na si kwa kumsifu. "Fundi Nyota, mlango wangu utakuwa tayari lini? Au mpaka ushushe mwezi?" Mjomba alicheka nao, lakini Chiriku alijua kwamba wakati mwingine kicheko hicho hakikutoka moyoni.

Kupiga picha nyota ni kazi ya uvumilivu. Mwanga wake ni hafifu, kwa hiyo kamera huachwa wazi nusu dakika nzima ili iukusanye. Tena nyota hazitulii. Zinasogea polepole, na zikisogea wakati kamera iko wazi zinatoka kama vistari. Kwa ajili hiyo Mjomba alikuwa ameunganisha mbao mbili kwa bawaba, akapitisha boliti ndefu kati yake. Alipoizungusha boliti taratibu, akifuata mshale wa saa, ubao wa juu ulijiinua na kuibeba kamera sambamba na mwendo wa anga. Yeye alizungusha boliti, Chiriku akabonyeza kitufe kilichofungwa kwenye waya na kukishikilia huku akihesabu hadi thelathini. Picha moja haikutosha. Walipiga sitini za sehemu ileile, kisha kompyuta ikazipanga moja juu ya nyingine hadi mambo yasiyoonekana yakaonekana.

Jambo lililomshangaza Chiriku tangu mwanzo lilikuwa lile la mwisho wa kazi. Picha za nyota zikiisha, Mjomba alikifunga kifuniko cha lenzi na kuendelea kupiga.

"Mjomba, hujatoa kifuniko!" alimwambia siku ya kwanza, akicheka hadi akashika mbavu.

"Nimekiacha makusudi. Hizi ni picha za giza."

"Sasa unapiga picha ya nini?"

"Ya kamera yenyewe," alijibu Mjomba. "Ikikaa wazi muda mrefu inapata joto, inaanza kuona mambo ambayo hayapo. Kitone chekundu hapa, cheupe kule. Nikiifunga jicho na kuiacha muda uleule wa nusu dakika, inanionyesha uongo wake wote. Kompyuta inauchukua uongo huo na kuufuta kwenye picha za nyota. Kinachobaki ndicho cha kweli."

Jumatatu moja anga lilitakata, wakaelekeza kamera kwenye Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ndogo zilizokaa pamoja. Mjomba alikuwa amesoma kwamba nyota hizo zimezungukwa na ukungu wa buluu usioonekana kwa macho, na kwa miezi mingi alitamani kuunasa. Walipomaliza picha ya sitini, jirani alikuja mbio. Mtoto wake alikuwa amejifungia chumbani na ufunguo ulikuwa umekwama.

Mjomba alinyakua patasi na bisibisi. "Chiriku, malizia. Ishirini za giza, kila moja nusu dakika. Usizipunje!"

"Sawa, Mjomba."

Chiriku alifunga kifuniko, akabonyeza, akahesabu hadi thelathini. Akapiga ya pili. Baridi ilikuwa imeanza kumpanda miguuni, na kutoka ndani alisikia mchezo wa redio umeanza. Mama alikuwa anacheka peke yake. Msichana akawaza kwamba weusi ni weusi tu. Nani angetofautisha giza la nusu dakika na giza la sekunde moja? Akazifuta zile mbili ili zote zifanane, akabonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia, mpaka hesabu ikatimia ishirini. Dakika moja haikufika. Aliingia ndani, akauwahi mchezo.

Mjomba aliporudi, mtoto wa jirani akiwa salama, alichungulia mlangoni. "Umepiga zote?"

"Zote ishirini," alijibu Chiriku bila kumtazama.

Jumanne jioni, Mjomba aliweka picha zote kwenye kompyuta. Chiriku alikuwa amekaa kando yake, akila karanga. Kilimia kilitokea, na pembeni mwa nyota zake palikuwa na ukungu wa buluu kwelikweli. Kisha Mjomba akainama, pua ikakaribia kugusa kioo.

"Hiki nini?"

Kwenye kona ya juu palikuwa na alama nyekundu, imevutika kidogo kama punje ya mchele. Mjomba alifungua ramani yake ya nyota. Hapo hapakuwa na kitu. Akaitafuta mara ya pili na ya tatu, kisha akasimama ghafla hata stuli ikaanguka.

"Hii huenda ni nyota mkia, mwanangu! Na kama hakuna aliyeiona kabla yetu, inapewa jina la aliyeiona kwanza!" Alimshika mpwa wake mabegani. "Tutaipa jina lako. Lile la kwenye daftari. Wewe ndiye uliyebonyeza!"

Karanga zilimkaukia Chiriku mdomoni. Alijua kitone chekundu ni nini, maana alikuwa amefundishwa. Lakini uso wa Mjomba uling'aa, naye akainama kuokota stuli.

Kufikia Jumatano mtaa mzima ulikuwa na habari. Muuza duka alimpa Mjomba mkono juu ya kaunta na kumwita Fundi Nyota kwa heshima. Mwalimu wa sayansi alimwalika aje Ijumaa kuonyesha picha yake mbele ya shule nzima. Mjomba alitaka kwanza kuipiga tena ili ahakikishe, lakini mawingu yalikuwa yametanda tangu Jumanne. "Haidhuru," alisema, na siku mbili kabla ya wakati akapiga pasi shati lake jeupe.

Chiriku alifagia maranda kimya.

"Unaumwa?" aliuliza Mjomba. "Leo nimeisikia sauti ya randa yangu. Sijawahi kuisikia tangu uanze shule."

"Siumwi, Mjomba."

Usiku huo hakupata usingizi. Alimwona Mjomba amesimama mbele ya shule nzima na shati lake jeupe, halafu mtu mmoja anayejua anacheka, halafu wote. Safari hii wangekuwa na haki ya kumcheka, na yeye Chiriku ndiye angekuwa amewapa.

Alhamisi, Mjomba alipokwenda kupeleka kitanda kwa mteja, Chiriku aliichukua kamera. Aliifunga kifuniko, akaiweka ndani ya kabati jipya lililokuwa likisubiri rangi, akarudisha mlango na kuchuchumaa nje akiwa na waya mkononi. Alihesabu hadi thelathini bila kuruka hata namba moja. Kisha akaitoa na kuikuza picha kwenye kioo kidogo cha nyuma. Ilikuwa nyeusi tii. Lakini kwenye kona ya juu palikuwa na kitone chekundu. Ndani ya kabati hapakuwa na anga wala nyota. Chiriku alikaa juu ya maranda akalia.

Mjomba alirudi akipiga mluzi, akamkuta hapohapo.

"Mjomba, si nyota mkia." Alimnyooshea kamera kwa mikono miwili. "Hiyo alama nimeipata ndani ya kabati, kifuniko kikiwa kimefungwa. Zile picha za giza nilizipunja. Nilibonyeza sekunde moja moja nikakimbilia redio. Nikakudanganya."

Mjomba aliikuza ile picha, akakiona kitone. Aliketi kwenye ukingo wa benchi, na kwa mara ya kwanza Chiriku akaona kwamba mjomba wake anaweza kuonekana mzee.

"Kwenye kompyuta kila picha imeandikwa muda wake," alisema polepole. "Ningebonyeza mara moja tu, ningeona."

"Mbona hukuangalia?"

"Kwa sababu uliniambia umepiga."

Chiriku aliona afadhali angegombezwa. Maneno hayo machache yalimuuma kuliko makofi. Alitaka kusema samahani, likatoka nusu, nusu nyingine ikawa kilio. Mjomba hakumfukuza wala hakumbembeleza. Alikaa tu akizungusha kifuniko cha lenzi vidoleni.

Jua lilipozama na hewa ikawa baridi kama ile ya Jumatatu, alisimama. "Haya, lete stendi. Tuna picha ishirini za giza tunazodaiwa."

Walizipiga pamoja uani, kila moja nusu dakika, Chiriku akihesabu kwa sauti. Mama alitoka na shali, akamfunika binti yake mabegani bila kuuliza kitu. Walipoziweka kwenye kompyuta, ile alama nyekundu ilififia ikatoweka. Ukungu wa buluu ulibaki palepale, hafifu lakini wa kweli.

"Kesho huendi tena?" aliuliza Chiriku.

"Naenda. Shati nimeshalipiga pasi."

Ijumaa ukumbi wa shule ulijaa. Mjomba alionyesha Kilimia chake ukutani, na wanafunzi wakashangaa kwa sauti. Lakini mtoto wa muuza duka hakusubiri. "Nyota mkia iko wapi?"

Mjomba alikohoa. "Hakuna nyota mkia. Niliharakisha, nikatangaza kitu kabla ya kuhakikisha. Kosa ni langu."

Minong'ono na vicheko vikaanza nyuma. Chiriku alisimama.

"Si lake peke yake," alisema. "Mjomba aliniachia kazi, nikaipunja kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiona. Halafu nikamwambia nimeifanya." Akaeleza yote, kuanzia redio hadi kabati. Alipotaja kabati wengine walicheka, lakini aliendelea hadi mwisho.

Mjomba alimwita mbele, akamwekea mkono begani.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Kitone hicho hakikuniumiza. Kila kamera ina vitone vyake, na kila mtu ana vyake, hata mimi. Kilichoniumiza ni kuambiwa kwamba kazi imefanywa wakati haikufanywa. Mtu akikuamini, hakukagui, na hapo ndipo unapotakiwa kuwa mwaminifu zaidi. Lakini huyu hakungoja nipatwe na aibu mbele yenu. Aliutafuta uongo wake mwenyewe, akauona, akaniletea mkononi. Basi nitamwamini tena."

Mwalimu wa sayansi ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Tangu hapo, mteja akiingia kwenye karakana anakuta fremu mbili ukutani. Katika moja kuna Kilimia na ukungu wake wa buluu, na watu huisifu. Nyingine ni nyeusi yote, yenye kitone kimoja chekundu kwenye kona, na watu huuliza kama picha imeungua.

"Hiyo haiuzwi," Mjomba hujibu, huku akisukuma randa ambayo sauti yake haisikiki tena kwa masimulizi yanayotoka chini ya benchi. "Hiyo alinipigia mpwa wangu kabatini. Alihesabu thelathini kamili."