Taa ya Marehemu Kasiani

Anselmo mtamwona pale Mbagala, fundi wa magari ya zamani. Joto lote hili la Dar, yeye shati la mikono mirefu, kafunga hadi kifungo cha shingoni. Msimcheke. Mie nimepanga naye nyumba moja, na yaliyomkuta alinisimulia mwenyewe.

Siku hiyo, saa tisa mchana, aliitwa na Mama Eufrazia, mjane wa fundi Kasiani aliyemfundisha kazi. Pikapu ya marehemu ilikuwa haina nguvu, injini inagonga kila ikipanda mwinuko, na wiki ile ilitakiwa kubeba vyakula vya arobaini.

"Taimingi imehama, mama, plagi zinachoma nje ya wakati wake," Anselmo alisema. "Sasa hivi tu namaliza."

Kumbe taa yake ya kupimia taimingi imeungua. Akaingia stoo kimyakimya, akafungua sanduku la marehemu, akachukua taa ya mwalimu wake. Hapo ndipo alipochemka. Kwao vitu vya marehemu havigusiki mpaka arobaini ipite na ndugu wagawane, naye alilijua hilo vizuri.

Akaunga taa kwenye betri na kwenye waya wa plagi namba moja. Akachora alama ya chaki kwenye puli, akalegeza nati ya distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi, akawasha injini. Halafu akajifunika turubai yeye na injini, maana taa ile inataka kiza.

Taa hiyo huwaka na kuzimika kila plagi hiyo inapochoma, kwa hiyo kinachozunguka huonekana kimesimama. Puli utaiona imetulia. Hata feni utaiona imelala. Feni hiyohiyo ilishawahi kumkata Kasiani vidole viwili, alidhani imezimika.

Anselmo akageuza distribyuta taratibu. Alama ya chaki ikaukaribia mshale wa taimingi ulio pembeni ya puli. Halafu ikarudi.

Akageuza tena. Ikarudi tena.

Akamulika distribyuta. Palikuwa na mkono juu yake. Mkono wa mtu mzima, mweupe kwa chaki. Una vidole vitatu.

Sauti anayoijua ikamnong'oneza sikioni.

"Feni imesimama, Anselmo. Shika."

Akatazama. Imesimama kweli. Mkono wake wa kulia, unaolisha watoto wake wanne, ukaanza kwenda kwenye feni. Aliuvuta, haukuvutika. Kitu baridi kilikuwa kimemshika. Shibiri moja. Nusu shibiri.

Turubai likavutwa. Mama Eufrazia aliona waya wa taa, akaung'oa kwenye betri. Taa ikazimika, na feni ikawa inanguruma upana wa kidole tu kutoka kwenye kucha za Anselmo.

"Taa umeitoa wapi?" mama alinong'ona.

"Sandukuni. Nisamehe, mama."

"Si mimi wa kukusamehe. Nenda kaburini kamwombe mwenyewe."

Anselmo alirudi kukaza nati ya distribyuta. Aliikuta imekazwa, na injini inaunguruma laini kama alivyokuwaga anaiseti Kasiani. Basi akakimbia. Kaburini hajaenda mpaka leo, anaogopa.

Siku ile alikuta alama tatu za chaki kwenye kifundo cha mkono. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa petroli, hazikutoka. Baada ya mwezi zilikuwa kwenye kiwiko.

Juzi alinifungulia kile kifungo cha juu nione. Vidole vitatu, vyeupe, viko shingoni.