Kilichokuwa Chini ya Kibati

Jumamosi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, Mkunga alifungua mlango wa gari lake jekundu ndani ya ukumbi wa maonyesho, akapiga ukelele uliomfanya mlinzi aache chai yake na kuja mbio.

"Kibati changu! Jamani, wameking'oa!"

Kibati chenyewe kilikuwa kipande cha shaba kisichozidi urefu wa kidole, kimeandikwa "1 kati ya 12", na kilibandikwa kwenye ubao mwekundu ulio mbele ya abiria. Mtu asiyejua angesema, kibati tu hicho, mbona kelele zote hizi? Lakini ngoja nikueleze. Miaka miwili nyuma, wakala mmoja wa magari aliagiza magari kumi na mawili mekundu, ya kawaida kabisa, kutoka kiwandani. Kabla ya kuyauza aliyaingiza kwenye gereji yake mwenyewe. Fundi rangi akayachora mistari miwili myeupe kuanzia boneti mpaka nyuma. Fundi viti akang'oa viti vya kitambaa, akashona vya ngozi. Mwisho kila gari likabandikwa kibati chenye namba, na wakala akayaita Toleo Maalumu.

Mkunga alijinyima miaka sita, akaweka oda ya namba moja ikiwa bado gerejani, kisha akainunua. Tangu siku hiyo wenzake wodini wamemcheka: eti gari limepakwa poda, eti toleo maalumu la uchochoroni. Leo saa nne, Msajili wa chama cha wapenzi wa magari angeamua kama yale kumi na mawili, yote yakiwa yamepangwa ukumbini, yaingie kwenye Daftari la Matoleo Adimu au la. Mstari mmoja tu ndani ya daftari lile, na Mkunga angewafunga watu midomo. Sasa kibati hakipo.

Inspekta alifika saa mbili na robo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na macho yasiyotulia. Yeye mwenyewe alikuwa na gari la aina ile ile, la kijivu, lisilo na mstari hata mmoja, na alipoliona lile jekundu roho ilimuuma waziwazi.

"Kumbe hata langu lingeweza kupendeza hivi," alisema, akavuta pumzi. "Haya. Nani alikuwa humu?"

Mlinzi alijibu bila kusita. Ukumbi aliufungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Funguo za magari yote zilining'inia kwenye ubao wa mapokezi, na kila aliyekuwa ndani angeweza kuzichukua. Mpaka Mkunga anaingia, ndani walikuwa wanaume watatu tu, mzee mmoja na mafundi wawili wa wakala, na hakuna aliyekuwa ametoka.

Inspekta alipiga magoti mlangoni pa gari. Pale palipokuwa na kibati palikuwa pamesuguliwa kwa msasa mpaka rangi nyekundu ikaisha na weupe wa chini ukaonekana. Alichukua leso nyeupe akaipitisha kwenye zulia la gari, ikatoka na vumbi jekundu. Akaipitisha kwenye gia, vumbi tena. Akaigeuza upande safi, akaipitisha kwenye viti vyote viwili vya mbele, hata ndani ya mishono. Leso ilitoka nyeupe vile vile. Aliandika maneno mawili kwenye daftari lake, akalifunga.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa mzee wa suti waliyempachika jina la Orijino, kwa kuwa neno hilo halikuisha mdomoni mwake. Gari lake la buluu lilitoka kiwandani likiwa toleo maalumu tayari, na lilisimama mkabala na yale mekundu bila mtu wa kulitazama.

"Mzee, wewe huyapendi haya magari."

"Haya si magari, ni maharusi!" Orijino alifoka. "Langu limezaliwa hivi. Haya yamevikwa nguo gerejani, halafu watu wanapiga nayo picha wananipita mimi kama nguzo. Inaniuma, nisikudanganye. Lakini kung'oa kibati? Thubutu! Nilitaka Msajili ayakatae mbele ya watu wote, hivyo vibati vikiwepo. Kuiba kungeniharibia raha yangu."

Inspekta alikaribia kucheka. Aliagiza mizigo yote ipekuliwe, na saa mbili na dakika hamsini kibati kilipatikana: ndani ya sanduku la zana la Fundi Rangi, chini ya brashi, pamoja na kipande cha msasa chenye vumbi jekundu.

Fundi Rangi, kijana mrefu mcheshi ambaye kila mtu alimpenda na yeye alilijua hilo, alikitazama kibati kisha akauliza jambo la ajabu.

"Na pale chini yake? Pakoje?"

"Pamesuguliwa," Inspekta alijibu.

Uso ulimshuka. "Pote?"

"Kaka, watu wengi wangesema kwanza kwamba wameonewa. Wewe unauliza pakoje. Kulikuwa na nini pale?"

"Nitamwambia Msajili, akifika. Lakini shemeji," alimgeukia Mkunga, "naapa, sijaligusa gari lako."

Mkunga hakujua aamini lipi. Mumewe, Fundi Viti, alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. "Kibati kimetoka kwenye sanduku lake," alisema kwa sauti ya chini. "Mnataka ushahidi gani tena? Mfungeni pingu."

"Na wewe, mumewe, uliingia saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Saa moja kamili. Nilikuwa nafuta viti vya magari yote, nikianzia namba kumi na mbili kushuka. Nilikuwa kwenye namba mbili mke wangu alipopiga kelele."

"Kwa hiyo namba moja hukuifikia."

"Sikuifikia."

"Na hukuigusa leo."

"Nimesema sikuigusa."

Inspekta aliandika.

Saa nne kamili Msajili aliingia na daftari lake kwapani, mama mtu mzima mwenye miwani shingoni. Inspekta aliwakusanya wote kando ya gari namba moja.

"Aliyefanya hivi si mwizi," alianza. "Mwizi angechukua kibati akaenda zake. Huyu alibaki kusugua kilichokuwa chini yake, kisha akakiweka kibati kwenye sanduku la mwenzake. Alikuwa na hasira na kitu kilichoandikwa hapa, na pia na mtu aliyekiandika. Vumbi la msasa limeruka kila mahali, zuliani, kwenye gia. Ila vitini hakuna hata chembe. Maana yake nini? Kabla ya kusugua, alitandika kitambaa ili asichafue viti. Jamani, ni mtu gani duniani anakuja kuharibu gari, halafu anavionea huruma viti?"

Wote walimtazama mtu mmoja.

"Kitambaa chako cha kufutia, tafadhali," Inspekta alisema. "Kikunjue."

Fundi Viti hakukikunjua. Mkewe ndiye aliyekichomoa mfukoni mwake, na mkunjo ulipofunguka vumbi jekundu lilimwagika kwenye viatu vyake vyeupe vya hospitali.

"Baba watoto," alisema. "Wewe?"

"Mimi!" Sauti ya mtu yule mkimya ilipasuka. "Nimechoka! Tukienda kwa dada yako, mistari ya Fundi Rangi. Tukienda kwa mama, mistari ya Fundi Rangi. Shemeji hivi, shemeji vile! Viti hivyo nimeshona kwa siku arobaini, vidole vinatoka damu, na tangu umelinunua hili gari hujawahi kusema hata 'pole'. Halafu gerejani, kabla ya kulikabidhi, nikamwona ameinama hapo na brashi ndogo, anaandika, anatabasamu peke yake. Akapaka vanishi, akabandika kibati juu yake. Miaka miwili najiuliza, kamwandikia nini mke wangu? Leo nilipokibandua nikaona 'Ya Mkunga'. Sikusubiri zaidi. Macho yaliniingia giza, nikachukua msasa."

"Hukusoma mpaka mwisho?" Fundi Rangi aliuliza, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Nisome nini?"

Fundi Rangi alimgeukia Msajili. "Mama, najua utakachosema. Kibati anaweza kuchonga yeyote. Ndiyo maana chini ya kila kimoja niliandika kwa mkono, gari likiwa bado gerejani, kisha nikapitisha vanishi ya mwisho juu yake. Hakuna awezaye kuyaongeza maneno hayo baadaye bila kuonekana. Anayejua ni mimi na wakala tu, na orodha anayo."

Msajili alivaa miwani. "Basi nisikilizeni. Gari la wakala linaweza kuwa toleo adimu la kweli, mradi lionyeshe kwamba lilifanywa hivyo kabla ya kuuzwa, na mikono iliyolifanya inajulikana. Likivikwa baadaye, hapana. Fungueni namba mbili."

Kibati cha namba mbili kilibanduliwa taratibu. Chini ya vanishi, kwa herufi ndogo nyeupe, palisomeka: *Namba 2. Viti vimeshonwa na bingwa wetu. Mistari nimechora mimi.* Namba tatu ilikuwa hivyo hivyo, na nne, mpaka kumi na mbili. Orijino mwenyewe aliinama kusoma kila moja, akaishia kuguna tu.

"Na namba moja?" Mkunga aliuliza. "Uliandika nini?"

Fundi Rangi alimtazama Fundi Viti. "Niliandika: *Namba 1. Ya Mkunga. Viti vyake kashona mumewe, na kwa viti hivyo hili ndilo bora kuliko yote.*"

Fundi Viti alijishika kwenye mlango wa gari.

Msajili aliandika mistari kumi na moja. Alipofika kwenye ya mwisho kalamu ilisimama. "Samahani, mwanangu," alimwambia Mkunga. "Nyote mmesikia, nami naamini. Lakini daftari langu haliandiki nilichoambiwa. Linaandika nilichokiona, na hapa naona msasa."

"Kuna kesi ya kuharibu mali, na ya kumsingizia mtu," Inspekta alisema polepole. "Mnasemaje nyinyi wawili?"

"Sina kesi naye," Fundi Rangi alisema.

Mkunga alifungua mlango. Aliingia garini, akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu alinunue alipitisha kiganja kwenye mshono wa kiti, polepole, kutoka juu mpaka chini, kisha akarudia.

"Ni vizuri," alisema. "Ni vizuri sana. Pole kwa vidole vyako."

Mumewe alifungua mdomo, machozi yakimlengalenga, lakini mke alikwisha kutoka, akamwekea ufunguo mkononi.

"Sina kesi. Endesha wewe mpaka nyumbani, keti kwenye viti vyako. Mimi," alisema akiokota mkoba wake na kumgeukia Fundi Rangi, "shemeji atanipa lifti."