Korongo Waliokataa Kutua

Rafiki wa marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, ni fundi cherehani anayependa kupiga picha za ndege. Kando ya bwawa alijijengea kibanda cha magunia. Ndege wakimwona mtu akiingia hawatui, kwa hiyo huingia na shemeji yake, kisha shemeji hutoka. Ndege hawajui kuhesabu. Wakiona mtu ametoka, hudhani kibanda ni kitupu.

Alfajiri moja shemeji alitoka kama kawaida, akaenda kumsubiri kwenye pikipiki barabarani. Fundi akabaki gizani na kamera yake. Korongo walizunguka juu wakipiga kelele, lakini hawakutua. Ndipo akasikia pumzi nyuma ya sikio lake, nzito, ya taratibu. Akabana pumzi yake. Ile nyingine ikaendelea.

Alitoka mbio akimtaja Mungu, viatu akaviacha matopeni.

"Vipi, shemeji? Umekimbizwa na bata?" mwenzake alimuuliza akicheka, pale kwenye pikipiki.

"Kuna mtu mle ndani!"

"Acha utani. Tuliingia wawili, tumetoka wawili."

Wakasimama kutazama. Korongo walikuwa bado wanazunguka. Hawakumwona mtu akitoka kibandani, ila majani marefu yalianza kulala, hatua kwa hatua, kuja upande wa barabara. Hapo korongo wote wakatua kwa utulivu mbele ya kibanda.

"Panda, twende!" alisema shemeji, na sasa hakuwa akicheka.

Fundi akapanda nyuma yake. Kabla hawajaondoka, pikipiki ikabonyea tena, taratibu, kama inavyobonyea mtu anapopanda.