Dishi la Basi la Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Betri alifagia basi. Usishangae. Alilifagia lote, kuanzia kiti cha dereva hadi kitanda cha nyuma, kwa sababu basi hilo lilikuwa nyumba. Jina la Betri alipewa na bibi yake, maana msichana huyo akianza kuongea alfajiri, chaji haikumwishia mpaka alipolala.

Bibi alikuwa dereva. Alianza kuendesha mabasi ya abiria enzi ambazo watu wakimwona mwanamke ameshika usukani walishuka wakangojea basi jingine. Wenyewe walikuja kujuta, kwani Bibi alifika kabla yao, tena bila mkwaruzo. Alipostaafu alinunua basi kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, kabati, televisheni ndogo na meza ya kukunja. Majirani walinong'ona kwamba kichwa chake kimepata hitilafu. Mimi nasema mtaa mzima haukuwa na kichwa kilichotulia kama kile, kwa sababu basi hilo Bibi alilitengeneza kwa ajili ya mumewe.

Babu alikuwa mgonjwa wa moyo. Hospitali yake ilikuwa mbali, safari ya siku kadhaa, na hakuweza kukaa kitini muda mrefu. Ndani ya basi alisafiri amelala, akiamka anakuta chai. Daktari alikuwa amesisitiza kwamba asikae kwenye joto. Kwa hiyo kila waliposimama njiani, Bibi alitafuta miti mikubwa na kuliingiza basi kivulini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

Mwaka huo shangazi yake Betri alichaguliwa kukimbia mbio ndefu katika mashindano makubwa ng'ambo. Aliyemfundisha kukimbia ni Babu mwenyewe, akimfuata nyuma kwa baiskeli na kumkaripia kila alipopandisha mabega. Sasa mwanawe angekimbia mbele ya dunia nzima, na siku hiyo hiyo wao wangekuwa njiani kwenda hospitali. Tarehe ya daktari haikuweza kusogezwa. Babu alisema si neno, atasimuliwa. Alisema hivyo huku akitazama dirishani, na Bibi, aliyemjua mumewe kama alivyoijua injini, akaelewa.

"Betri," Bibi akasema, "tunanunua dishi la televisheni ya basi. Wewe ndiye unayeelewa mambo ya rimoti hapa, kwa hiyo utachagua wewe. Ila lazima ulijaribu kivulini, mahali ambapo babu yako atakuwa amelala."

Betri alivimba kichwa. Kabla hata ya kuliona duka alishawatangazia wenzake darasani kwamba basi lao litawekewa dishi linalojitafutia mawimbi lenyewe. Ukibonyeza kitufe tu, basi, picha inakuja. Wenzake macho yaliwatoka.

Siku ya kwenda dukani, Bibi aliliegesha basi nyuma ya duka, chini ya miti, ili Babu apumzike. Fundi wa madishi alikuwa kijana mpole mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Alimwamkia Bibi, akamwita Betri mdogo wangu, kisha akawaonyesha mali yake. Kulikuwa na dishi kubwa la kufunga nyumbani, ambalo Bibi alilikataa papo hapo kwa kuwa upepo wa barabarani ungeling'oa. Kulikuwa na dogo la kukunja, lenye stendi ya miguu mitatu na waya mrefu, ambalo mtu huliweka chini na kulielekeza kwa mkono. Na kulikuwa na lile la kwenye ndoto za Betri, limefunikwa kwa kofia nyeupe ya plastiki, la kufungwa kwenye paa moja kwa moja.

Bibi akarudia mbele ya fundi kwamba dishi lijaribiwe kivulini, kisha akaenda duka la jirani kujaza mtungi wa gesi. Fundi alilitoa lile la kofia nyeupe uani, penye jua, akabonyeza kitufe. Dishi likanguruma kidogo ndani ya kofia, likazunguka, likatulia, na picha ikaja kwenye televisheni ya duka. Betri alitamani kulikumbatia. Fundi akauliza kama waende wakalijaribu na kule nyuma kwenye miti, kama Bibi alivyoagiza. Betri akajibu haraka kwamba hakuna haja. Sijui kama aliogopa kwamba litashindwa au aliona uvivu tu. Nadhani aliogopa.

Bibi aliporudi, fundi alikuwa ameingia stoo kuchukua ngazi na drili.

"Umelijaribu kivulini?" Bibi akauliza.

"Ndiyo, Bibi. Picha safi kabisa."

Bibi hakuwa na shaka. Alikuwa mtu wa kukagua breki mara mbili kabla ya kuwasha gari, lakini mjukuu wake alimwamini bila kukagua.

Betri aliingia ndani ya basi kumpa Babu habari. Alimkuta ameketi kitandani, mito imepangwa mgongoni, anapima kwa jicho atakavyoiona televisheni. Uso wake ulikuwa umechangamka kuliko siku zote tangu augue. Alisema ameshaongea na shangazi kwa simu na kumwambia asimsikitikie tena.

"Nimemwambia akimbie kwa raha zake," Babu akasema, "kwa kuwa safari hii namwona kwa macho yangu."

Juu ya paa hatua za fundi zikasikika. Roho ikamsuta Betri. Drili ikalia kidogo, fundi anaijaribu hewani, na Betri hakungoja zaidi. Alitoka mbio, akashika ngazi kwa mikono miwili na kumwomba fundi asitoboe.

"Bibi, nimekudanganya," akasema. "Sikulijaribu kivulini. Nililitaka tu."

Juu ya paa fundi akaiweka drili chini. Kisha Bibi akasema kwamba kama ni hivyo, inabidi walijaribu sasa hivi.

Wakaliweka juu ya paa bila kulifunga, chini ya matawi. Kitufe kikabonyezwa. Dishi lilinguruma, likazunguka, likanguruma tena, na televisheni ikabaki nyeusi. Fundi alieleza kwamba dishi lolote lazima lione anga, kwa sababu majani mazito huzuia mawimbi. Dishi lile lilikuwa zuri sana kwa mtu anayeegesha gari lake uwazini. Basi hili halikai uwazini, na likifungwa kwenye paa lingekwenda kivulini pamoja na Babu.

Betri alisubiri kukaripiwa. Bibi alipangusa mikono yake kwa kitambaa.

"Umesema kabla paa halijatobolewa," akamwambia. "Kwa hiyo sina ugomvi na wewe. Sasa chagua tena."

Safari hii Betri aliuliza maswali yote aliyopaswa kuuliza mwanzoni. Waya una urefu gani? Upepo ukija? Atajuaje upande wa kulielekeza? Wakachukua lile dogo la miguu mitatu, fundi akamfundisha kutumia dira, na basi likabaki na paa lake zima. Wenzake shuleni walimcheka waliposikia kwamba dishi lenyewe ni la kuelekeza kwa mkono. Aliwaacha wacheke. Kila jioni alilitoa uani, akalisogeza kidogo kushoto, kidogo juu, akakosea, akaanza upya. Mwanzoni alitumia muda mrefu hata akatamani kulipiga teke. Baadaye mikono yake ikazoea, na Bibi akawa anapita na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Siku ya mbio waliegesha kando ya barabara, kwenye miti mikubwa iliyopakana na uwanja mtupu. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri. Betri aliburuta waya hadi katikati ya uwanja, akasimamisha stendi, akaining'inizia dumu la maji ili isiyumbe, akaelekeza. Picha ikaja, na Babu akapiga makofi.

Wakimbiaji walipojipanga, upepo ukaanza. Mbio zilipokolea, upepo nao ukakolea, vumbi likainuka na picha ikaanza kukatika vipande vipande. Babu alishika ukingo wa kitanda. Betri alikuwa ameshatoka. Alipiga magoti nyuma ya dishi, kwani mbele angeyazuia mawimbi, akaikumbatia stendi kwa nguvu zake zote.

"Hapo hapo," Bibi akamwambia kutoka mlangoni. "Usisogee."

Hakusogea. Vumbi lilimjaa machoni na mikono ikamfa ganzi. Kutoka ndani ya basi alisikia sauti ya Babu akimfundisha mwanawe kana kwamba bado yuko kwenye baiskeli, akimwambia ashushe mabega, awaache wenye haraka watangulie. Halafu Bibi, mtu ambaye hata tairi likipasuka hapandishi sauti, akapiga kigelegele kilichofika ng'ambo ya uwanja.

Betri alipoingia alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi magoti. Babu alikuwa analia bila kuficha. Shangazi alikuwa wa tatu, medali shingoni, anapunga mkono kwenye kamera. Babu akamuuliza Betri kama ameona alivyowapita wawili kwenye kona ya mwisho.

"Sikuona, Babu. Nilikuwa nimeshika dishi."

Bibi alimkalisha, akaanza kumfuta uso kwa kitambaa chenye maji.

"Lile la kofia nyeupe lilikuwa zuri kuliko hili, sikatai," akasema. "Lakini kitu unachomchagulia mtu, uzuri wake ni kumfaa pale alipo, siyo kupendeza machoni pako. Ukikosea kuchagua, sema mapema, kabla kosa halijatobolewa matundu. Leo babu yako amemwona mwanawe kwa sababu ulikubali kuona aibu siku ile. Najivunia wewe, mjukuu wangu, na nitasema hivyo popote."

Babu alichukua rimoti, akapunguza sauti ya televisheni. Akajisogeza upande mmoja wa kitanda, akampisha Betri akae, na kuanza kumsimulia mbio zote tangu mlio wa bastola.