Pango la Malkia

Siku ile, kwenye uwanja mpya wa michezo wa watoto, tulikuwa watano: mimi, mwanangu Zita, mwenye miaka minne, Nicodemo, seremala wa shamba la ngano, mkewe Tekla, na mzee Gidabuday, mfugaji jirani yetu, aliyefika mwishoni.

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kusali. Ngano ilikuwa imeshavunwa, upepo unapita kwenye mabua. Mwaka ule gari la sinema lilikuja kambini mara kadhaa na filamu za Malkia wa Mapango, sehemu moja baada ya nyingine, na watoto wetu hawakucheza kitu kingine. Meneja alimwomba Nicodemo awatengenezee bembea. Nicodemo alichora nchi nzima ya Malkia kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akaanza kuijenga, kila ukingo akiunyoosha kwa kamba. Mashine mbovu ya kuvunia aliipaka rangi ikawa meli. Magogo na kamba vikawa daraja. Pembeni mwa shamba alikuta tuta kubwa la udongo, refu kuliko mtu, limeota nyasi. Akadhani limesukumwa na buldoza wakati wa kusafisha shamba. Akalichimba ubavuni, akaingiza mapipa mawili yaliyotobolewa, yawe pango la Malkia. Pipa la ndani aliliacha na kitako chake, mtoto asije akapita akaangukiwa na udongo.

"Umeambiwa bembea, baba, wewe unajenga wilaya!" Tekla alimtania.

"Na wewe utakuwa mkuu wa wilaya," alijibu. Kisha akachuchumaa mbele ya mwanangu. "Zita aanze. Sinema ya mwisho hakuiona, alikuwa na surua."

Nilishukuru moyoni. Wengi walishasahau kwamba mtoto aliugua.

Zita akatambaa akaingia, anacheka. Kicheko kikasikika kwa karibu. Kisha kwa mbali. Mbali kuliko urefu wa mapipa mawili.

"Zita!"



Niliinama nikachungulia. Niliona kitako cha pipa. Mtoto hakuwepo.

Nilitaka kuingia, Nicodemo akanishika bega. "Subiri, mama Zita. Nimelijenga mimi, nitaingia mimi." Akavua koti, akampa Tekla, akajipenyeza. Tuliona soli za viatu vyake. Kisha hatukuziona.

Hapo ndipo mzee Gidabuday alipotokea na kibuyu cha maziwa. Alikuwa akituletea tangu Zita augue.

"Shikamoo, mzee," nilisema, huku nalia.

Alikuwa anatazama mapipa.

"Nani amechimba hapa?" alinong'ona.

"Nicodemo. Mtoto yumo ndani, mzee! Yeye pia yumo!"

"Hili ni kaburi la baba yangu. Tulilijenga miezi mingi. Kila ukoo ulileta udongo wake, ulileta miti yake."

Hakutugombeza. Aling'oa nyasi mbichi, akaziweka juu ya tuta. Akamimina maziwa yote. Akazungumza kwa lugha yake, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Upepo ukaacha kuvuma.

Mikono midogo ikatokea kwenye pipa. Nikamvuta mwanangu. Alikuwa mzima, anapumua, ana joto. Kichwa chake kilikuwa kimelowa siagi, imepakwa vizuri hadi kisogoni, kama wazee wa kule wanavyombariki mtoto.

"Nani amekupaka?"

"Babu."

"Na fundi yuko wapi?" Tekla aliuliza. Koti alikuwa amelikumbatia.

Zita akamtazama.

"Babu amesema mimi nirudi kwa mama. Fundi abaki. Nyumba imebomolewa, aitengeneze."

Tekla alipiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono. Nilimpa Gidabuday mtoto, nikachimba pamoja na Tekla. Wanaume wakaja na makoleo kutoka karakana. Mapipa yalitolewa. Nyuma yake palikuwa na udongo mtupu, mgumu, ambao haujawahi kuguswa.

Mzee Gidabuday alikaa na Tekla pale pale hadi giza, amemfunika shuka lake.

Asubuhi tulirudi. Shimo lilikuwa limezibwa. Udongo ulikuwa bado mbichi, umelainishwa kwa ubao wa kusawazishia, na pembeni umenyooshwa kama kwa kamba. Gidabuday alipitisha kiganja juu yake.

"Sisi hatujengi hivi," alisema.

Mwezi wa pili, mwaka uliofuata, matrekta yalikuja kulima. Meneja aliagiza tuta lile lirukwe, ngano ikapandwa kulizunguka.